Baba yuko mwezi wa tatu wa dawa za TB na bado anakonda. Je, ni saratani?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni msomaji wako, nipo Babati. Nakuandikia kuhusu baba yangu mzazi, mwenye umri wa miaka 61. Ujanani alikuwa mchimbaji Mirerani, baadaye akaacha akafungua duka la vipuri vya pikipiki. Sigara amevuta tangu sijazaliwa, ameacha mwaka juzi tu baada ya mama kuja juu.

Kikohozi kilianza kama mafua. Duka la dawa wakampa amoksilini, haikusaidia, wakampa sipro, ikatuliza kidogo kikarudi. Tukaenda hospitali. Makohozi yalipimwa kwa darubini mara mbili, hayakuonyesha kitu. Wakapima tena kwa mashine ya GeneXpert, majibu yakarudi hakuna vijidudu. Eksirei ndiyo ikaonyesha kivuli sehemu ya juu ya pafu la kushoto. Daktari akasema inaelekea ni TB, akaanzishiwa dawa.

Wiki mbili za kwanza tulishukuru Mungu. Homa ilikwisha, akawa anamaliza sahani. Sasa yuko mwezi wa tatu na mambo yamegeuka. Alianza dawa akiwa na kilo 68, wiki iliyopita mizani imesoma 59. Sauti imekauka, ukiongea naye kwenye simu huwezi kujua ni yeye. Bega la kushoto linamuuma usiku mpaka anakaa kitandani. Na juzi ametema kohozi lenye michirizi ya damu.

Nyumbani hatuelewani. Mama anasema TB ni miezi sita, tuvumilie. Baba mdogo anataka aache dawa apelekwe kwa mtu wa mitishamba anayemwamini. Binamu yangu anayefanya kazi maabara ameninong'oneza kwamba hiyo si TB, ni kansa, na sisi tunachezea muda. Mama naye ametenga kikombe na sahani ya baba, jambo ambalo naona linamuumiza mzee kuliko kikohozi chenyewe.

Naomba unisaidie. Madaktari wanatofautishaje magonjwa haya mawili? Kwa nini walimwanzishia dawa za TB wakati makohozi hayakuwa na kitu? Aziache? Na ikithibitika ni saratani, tumwambie? Baba mdogo anasema mzee akilisikia neno kansa atakata tamaa afe kabla ya siku zake.

Binti wa Mzee, Babati

Marahaba, mwanangu. Poleni sana na mgonjwa.

La haraka kwanza. Baba arudi hospitali wiki hii, asingoje tarehe ya kliniki. Michirizi ya damu si ya kukodi gari usiku, lakini akitema damu tupu ya kufika nusu kikombe cha chai, au akishindwa kupumua, au akiamka uso na shingo vimevimba, hapo mnakwenda saa hiyohiyo hata iwe saa nane za usiku. Na dawa za TB aendelee kuzimeza mpaka daktari aseme vingine. Sababu nitakupa.

Mimi ni muuguzi, nimezeekea kliniki ya kifua. Baba yako sijamwona wala picha yake sijaishika, kwa hiyo usitegemee nikuambie ni TB au ni saratani. Ninachokiona kwenye barua yako ni kwamba mpaka leo hakuna mtu aliyethibitisha lolote. Daktari wenu alikisia, na binamu yako anakisia vilevile. Kisio la daktari lilikuwa na msingi mzuri siku ile. Ila siku ile imepita, na mizani inasema lipimwe upya.

Usimlaumu kwa kuanzisha dawa. Tanzania ni miongoni mwa nchi 30 ambazo Shirika la Afya Duniani linazihesabu kuwa na mzigo mkubwa wa TB. Akija mtu amekohoa zaidi ya wiki mbili, amekonda, ana homa za jioni na jasho la usiku, na kivuli kiko juu ya pafu, mahali kijidudu cha TB kinapopenda kukaa, basi mara nyingi huwa ni TB kweli. Mwongozo unaruhusu aanze tiba kwa dalili na picha. Duniani zaidi ya theluthi moja ya wanaoanza dawa za TB ya mapafu huanza hivyo, bila maabara kukikamata kijidudu.

Na maabara kutokiona si sawa na kwamba hakipo. Darubini inahitaji vijidudu kati ya 5,000 na 10,000 katika kila mililita ya makohozi ndipo macho ya mtu yavione. Wenye vijidudu vichache wanapita. Pale Morogoro, Chuo Kikuu cha Sokoine, shirika la APOPO linafuga panya buku waliofundishwa kunusa makohozi, na kazi yao kubwa ni kuwanasa wagonjwa ambao darubini iliwaambia wako salama. GeneXpert, iliyoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani Desemba 2010, ni kali zaidi, tena inatoa majibu kwa takribani saa mbili. Hata hivyo, toleo lake la kwanza liliwapata wawili tu kati ya kila watatu wenye TB ambayo darubini imeikosa. Toleo jipya, Ultra, limepunguza pengo bila kuliziba.

Kisha kuna kohozi lenyewe, ambalo watu wanalidharau. Mgonjwa anapewa kikopo, anaona haya kukohoa mbele za watu, anatema mate yenye mapovu anarudisha. Mate hayo hata mashine ya mamilioni haitayafanyia kitu. Kohozi la kupimwa ni zito, linatoka chini kifuani, asubuhi kabla ya kula, baada ya kusukutua kwa maji na kuvuta pumzi ndefu mara kadhaa. Baba akirudi kupimwa mwelekeze hivyo, na akohoe nje penye hewa, asijifungie chooni.

Umetaja sipro. Hilo mwambieni daktari, msione aibu. Dawa za ukoo huo, pamoja na levofloksasini, zinakidhoofisha kijidudu cha TB bila kukimaliza. Mtu anapata nafuu ya siku chache, makohozi yanapimwa safi, ugonjwa uko ndani. Ndiyo maana napigana na maduka yanayoziuza kama njugu kwa kila anayekohoa. Kwa hiyo uwezekano wa TB kwa baba haujafutika, na hii ndiyo sababu ya kwanza ya kutoacha dawa. Sababu ya pili ni kwamba kama anayo na akaziacha katikati, vijidudu vilivyobaki vinaweza kujenga usugu, nayo TB sugu ni mzigo mwingine kabisa.

Sasa tuje kwenye zile wiki mbili za kwanza mlizoshukuru. Hapo ndipo wengi wanapopotea. Rifampisini iliyomo kwenye vidonge vyake inaua bakteria wengine wengi, si wa TB peke yake. Saratani ikikua ndani ya njia ya hewa na kuiziba, makohozi yanatuama nyuma ya kizuizi, yanaingiwa na bakteria, mtu anapata nimonia juu ya ugonjwa wake. Ukimpa dawa za TB, nimonia inatulia, homa inashuka, chakula kinapita. Uvimbe uko palepale. Kwa hiyo nafuu ya mwanzo hainithibitishii TB. Ninachokitaka ni nafuu inayoendelea, na hiyo inasomwa kwenye kadi.

Fungua kadi yake ya matibabu. Kuna mahali pa uzito, na kuna mahali pa majibu ya makohozi: ya mwanzo, ya mwisho wa mwezi wa pili, ya mwezi wa tano na ya mwisho wa tiba. Mgonjwa wa TB anayemeza dawa sahihi, kufikia miezi miwili uzito huwa umeanza kupanda, jasho la usiku limekata, na kikohozi kimepungua. Picha inaweza kuchelewa, makovu hayafutiki upesi, lakini mtu mwenyewe anachangamka. Baba amepoteza kilo tisa akiwa kwenye dawa. Angalia pia kama makohozi ya mwezi wa pili yalipimwa. Kama pale pako wazi, liwe neno lenu la kwanza mkifika.

Kabla hamjalitamka neno kansa, yapo mengine ya kuondolewa njiani. Je, anameza kweli? Rifampisini inageuza mkojo kuwa rangi ya chungwa, hata machozi. Muulize kwa upole mkojo wake una rangi gani saa chache baada ya vidonge. Kisukari amepimwa? Na VVU? Hayo mawili yanabadilisha sura ya TB na yanachelewesha kupona. TB yake inaweza kuwa sugu kwa dawa anazomeza, na kipimo cha mwanzo hakikupata kijidudu cha kukipima usugu. Ikiwa hivyo, nyinyi wa Kaskazini mnayo Kibong'oto kule Siha, hospitali iliyoanza kupokea wagonjwa wa kifua kikuu mwaka 1926. Wapo pia wanaougua fangasi ndani ya tundu la zamani kwenye pafu, nao wanatema damu.

Hayo yote yakishapimwa, bado barua yako ina vitu vinavyonisukuma nitake saratani itafutwe sasa hivi, isingoje mwezi wa sita.

Cha kwanza ni sauti. Mshipa wa fahamu unaoendesha upande wa kushoto wa kisanduku cha sauti haushuki shingoni ukaishia hapo. Unaingia kifuani, unazunguka chini ya mshipa mkuu wa damu unaotoka kwenye moyo, halafu unapanda tena hadi kooni. Njiani unapita karibu kabisa na pafu la kushoto na mitoki yake. Kitu kikiubana huko chini, sauti inakauka juu. TB nayo inaweza kushambulia koo lenyewe na kukausha sauti, kwa hiyo mtaalamu wa koo aangalie kama ute wa koo una vidonda au ni upande mmoja tu uliopooza. Cha pili ni bega. Uvimbe ulioota kwenye kilele cha pafu unaweza kugusa mishipa ya fahamu iendayo mkononi, na mgonjwa akahangaika miezi akichuliwa dawa ya misuli.

Cha tatu utakipima mwenyewe nyumbani. Mwambie baba akutanishe kucha za vidole vya shahada, wa kulia na wa kushoto, mgongo kwa mgongo, ainue kwenye mwanga wa dirisha. Kwa watu wengi, pale kwenye mizizi ya kucha hubaki upenyo mdogo wenye umbo la almasi. Ukiziba kabisa, na ncha za vidole zimevimba na kuwa mviringo, mwonyesheni daktari. Leo Schamroth, daktari wa moyo wa Afrika Kusini, alieleza jambo hili mwaka 1976 baada ya kuliona kwenye vidole vyake mwenyewe. Vidole hivyo huonekana kwa wenye saratani ya mapafu, pia kwa wenye magonjwa ya muda mrefu ya kifua na ya moyo. Havithibitishi saratani. Vinatosha kumfanya daktari aliyechoka asimamishe kalamu.

Na Mirerani usiichukulie kama historia tu. Vumbi la mawe la mgodini lina silika, nayo silika ikikaa kwenye mapafu inafungua mlango wa TB na inaongeza hatari ya saratani pia. Ongeza sigara za miaka yote ile. Mzee wenu amebeba hatari za pande zote mbili. Migodi imewachanganya madaktari tangu zamani: huko Schneeberg, Ujerumani, wachimbaji walikuwa wakikohoa, wakikonda na kufa, mpaka madaktari wawili, Härting na Hesse, walipopasua maiti na mwaka 1879 wakatangaza kwamba ni uvimbe wa saratani kwenye mapafu. Miaka mitatu baadaye, tarehe 24 Machi 1882, Robert Koch akatangaza amekipata kijidudu cha TB. Na huyohuyo Hesse alikwenda kujifunza kwenye maabara ya Koch. Mkewe, Fanny, ndiye aliyependekeza agari inayotumika hadi leo kuoteshea bakteria. Nyumba moja iligusa magonjwa yote mawili.

Jinsi yanavyotofautishwa, basi. Eksirei haitoshi. Eksirei ni kivuli cha mtu ukutani: utajua kuna mtu, hutajua kama ni Juma au Hamisi. TB inatoboa tundu kwenye pafu, na aina fulani ya saratani inatoboa vilevile. TB inaleta maji kwenye utando wa pafu, saratani nayo. Mitoki ya kifuani inavimba kwa zote mbili. Kipimo cha CT, eksirei ya kompyuta inayopiga kifua tabaka kwa tabaka, kinasogeza ukweli karibu: kinaonyesha kama uvimbe una kingo zenye miiba inayochoma pafu pembeni, kama ukuta wa tundu ni mnene na umekwenda shagalabagala, kama kuna vidoa kwenye ini au kwenye tezi zilizo juu ya figo. Ukuta mwembamba wa chini ya milimita nne mara nyingi si saratani. Ukuta unaozidi milimita kumi na tano unatia shaka kubwa. Lakini hata CT inabaki kuwa picha. Kuna donge la TB linaloitwa tuberkuloma ambalo kwenye picha linafanana na saratani mpaka wataalamu wanabishana. Hata PET, kile kipimo ghali ambacho watu wanasafiri kukifuata, kinawaka kwa TB kama kinavyowaka kwa saratani.

Kwa hiyo usiniletee kisio la pili kuchukua nafasi ya la kwanza. Wapo waliouza shamba kwenda India kwa sababu ya kivuli kwenye picha, wakarudi na kopo la dawa za TB ambazo zilikuwa zikitolewa bure mtaa wa pili. Binamu yako ana nia njema, lakini akuambie ni nani ameiona hiyo kansa.

Saratani inathibitishwa kwa kuchukua kinyama, au seli kutoka kwenye maji ya mapafu, na daktari wa patholojia akaviangalia kwa darubini. Kinyama kinapatikana kwa njia tofauti kufuatana na mahali uvimbe ulipo. Kama uko karibu na njia kubwa za hewa, wanapitisha mrija wenye kamera puani au mdomoni mpaka ndani. Kama uko pembeni, sindano inapita katikati ya mbavu ikiongozwa na CT. Na kama kuna mtoki umevimba shingoni, huo ndio rahisi kuliko vyote. Mpapase baba juu ya mtulinga, pande zote mbili, ukikuta gololi usiibonyezebonyeze, mwonyeshe daktari. Patholojia ikikuta seli za saratani, ubishi umekwisha. Ikikuta uvimbe wa TB ule wenye kitovu kilichokufa kinachofanana na jibini, mnaendelea na dawa na mnauliza habari za usugu.

Hapa nakuomba ushike jambo moja ambalo familia haziambiwi. Kinyama kigawanywe mara mbili. Kipande kimoja kiingie kwenye fomalini, ile dawa ya kuhifadhia vinyama, kiende patholojia. Kingine kiingie kwenye maji ya chumvi ya hospitali kiende maabara ya TB kupimwa kwa GeneXpert na kuoteshwa. Fomalini inaua vijidudu. Ukishatumbukiza kinyama chote humo, nafasi ya kuotesha imepotea, na mzee itabidi achomwe tena. Muulize daktari mapema, kwa adabu: "Na cha kuotesha TB tunakichukua?" Kuotesha kunachukua hadi wiki sita, hata nane kwa njia ya zamani, lakini patholojia inakuja mapema zaidi, hamtakuwa mmekaa bure.

Utasikia mtaani kwamba saratani ikiguswa na sindano inasambaa. Nimelisikia hata kwa watu waliosoma. Seli kuvuja kwenye njia ya sindano ni jambo la nadra mno, na bila kinyama hakuna daktari atakayetoa tiba ya saratani, kwa sababu hata saratani za mapafu si moja. Kuna ya seli ndogo, inayokimbia sana na kutibiwa kwa dripu za dawa na mionzi. Kuna nyinginezo, ambazo zikiwahiwa hupasuliwa, na baadhi zikipimwa vinasaba zinapata tiba ya vidonge.

Magonjwa haya yanaweza pia kukaa pamoja kwenye pafu moja. Makovu ya TB ya zamani yanaongeza hatari ya saratani, na saratani inaposhusha kinga inaiamsha TB iliyolala. Ndiyo maana kupata kijidudu kwenye makohozi hakuniridhishi moja kwa moja kwa mvutaji wa miaka 61 ambaye sauti imekauka. Kikipatikana, atibiwe, na CT ifanyike vilevile.

Pa kwenda: anzeni kliniki ya TB palepale alipoanzishiwa, mwombe aonwe na daktari, na aulizwe Mratibu wa Kifua Kikuu na Ukoma wa Wilaya. Ombeni barua ya rufaa. Kwa nyinyi wa Manyara hospitali ya kanda ni KCMC, Moshi. Vipimo na dawa za TB kwenye vituo vya serikali ni bure. CT na kinyama vina gharama, kwa hiyo ulizeni bei na bima inabeba nini kabla ya kusafiri. Ikija kuwa saratani, watawaelekeza mahali pa mionzi na dawa, Ocean Road Dar es Salaam ikiwa ndiyo inayojulikana zaidi. Sitakudanganya, wengi huku kwetu wanafika ugonjwa ukiwa hatua ya tatu au ya nne. Hata hapo kuna kazi ya kufanya: maumivu ya bega yanatibika, morfini ipo, na mtu kulala usiku kucha ni tiba.

Baba mdogo usigombane naye. Mitishamba mwambie hivi: isoniazidi na rifampisini, dawa za TB anazomeza, zinalichosha ini, na majani ambayo hayajulikani yanaweza kuongeza mzigo huo mpaka macho yakawa ya njano, halafu dawa zote zikasimamishwa. Ajizuie mpaka majibu yatoke. Kisha mpe kazi: yeye ndiye amsindikize kaka yake hospitali. Anayekaa kwenye benchi la kusubiri na kumsikia daktari kwa masikio yake hubishana kidogo.

Kikombe na sahani mama avirudishe. TB inapita hewani, mtu anapokohoa, anapopiga chafya au anapoimba. Haipiti kwenye vyombo. Afungue madirisha, baba alale chumba chenye hewa na afunike mdomo akikohoa, hasa kwa kuwa bado hatujui kama kuna usugu. Kama kuna wajukuu wa chini ya miaka mitano mnaokaa nao, wapelekwe kuchunguzwa, wao ndio wa kuogopewa.

Kuhusu kumwambia. Najua mazoea yetu: ndugu wanaitwa pembeni, mgonjwa anaambiwa ana vidonda vya tumbo. Mimi siyapendi. Mzee aliyeshuka mashimo ya Mirerani haogopi neno. Anaogopa nyuso za watu wanaonyamaza akiingia sebuleni. Tena karatasi ya kukubali kuchukuliwa kinyama ataiweka saini yeye, na mtu haweki saini kwa jambo asiloambiwa. Kwa sasa hakuna saratani ya kumtangazia. Mwambie ukweli ulivyo: "Baba, dawa hazijafanya kazi tuliyotarajia, madaktari wanataka kuchukua kinyama wajue ni nini." Akiuliza kama inaweza kuwa kansa, mjibu inaweza, na inaweza isiwe. Majibu yakitoka, mwache daktari amuulize anataka kujua kiasi gani. Wengine wanataka yote, wengine wanasema mwambieni mwanangu. Uamuzi huo ni wake.

Siku ya kwenda bebeni kadi ya TB, vidonge anavyomeza, majibu yote ya makohozi, na picha yenyewe ya eksirei, si karatasi ya maelezo peke yake. Tafuteni na picha ya zamani. Kama aliwahi kupigwa kifua kwa sababu yoyote, hiyo inaweza kuwa na thamani kuliko kipimo kipya: kivuli ambacho miaka miwili iliyopita kilikuwa palepale na ukubwa uleule, shaka ya saratani inapungua sana, ambacho hakikuwepo, daktari atajua muda alionao ni mfupi. Na atakapoulizwa alivuta sigara ngapi kwa siku na kwa miaka mingapi, toka nje kidogo. Wazee wanapunguza hesabu binti akiwa amekaa pembeni.